Je, Wajua? Misuli Hudhoofu, Ladha Hubaki

Ugonjwa wa ALS huua polepole seli za neva zinazopeleka amri za ubongo kwenye misuli. Mtu huanza kwa kuangushaangusha vikombe, au kujikwaa mahali tambarare, au kuburuta maneno kana kwamba amelewa. Kisha udhaifu husambaa hadi koo na kifua. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina kuanzia mwaka 1869 katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, na mwaka 1874 akaupa jina lake la kitabibu. Wamarekani huuita ugonjwa wa Lou Gehrig, kwa kumbukumbu ya mchezaji wa besiboli wa New York Yankees aliyecheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja. Gehrig aliambiwa anaugua nini Juni 1939, siku aliyotimiza miaka 36. Alifariki Juni 1941, siku chache kabla ya kufikisha 38.

Miguu na viti vya magurudumu vimeandikiwa mengi. Chakula kimeandikiwa machache, ilhali ugonjwa huu huketi na familia kwenye mkeka asubuhi, mchana na jioni. Haya yamekusanywa kwa ajili ya anayesimama jikoni, awe mke, mume, binti, mjukuu au shemeji, akijiuliza: leo nimpikie nini, na mbona jana alikataa kile alichokuwa akikipenda?

Je, wajua kwamba ulimi usiosogea bado unaonja?

Neva zinazoleta ladha kutoka ulimini si zile zinazousogeza ulimi. Ladha husafiri kwa neva za hisia. Mwendo wa ulimi una neva yake, na hiyo ndiyo inayoshambuliwa. Kwa hiyo mtu ambaye ulimi wake umesinyaa, unachezacheza wenyewe na hauwezi hata kulamba midomo, kwa kawaida bado anatambua kwamba chumvi imezidi au ndimu imesahauliwa. Kwa robo hadi theluthi ya wagonjwa, dalili za kwanza hujitokeza mdomoni na kooni. Wengi wa waliobaki hufika huko baadaye. Mgonjwa akinyamaza mezani, mara nyingi ni kwa sababu hawezi kutamka. Kuonja anaonja, na kumlisha kana kwamba hajui anachokula ni kumvunjia heshima.

Basi mbona wengi husema chakula kimebadilika? Kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Tunapotafuna na kumeza, hewa yenye harufu ya chakula husukumwa kutoka nyuma ya koo na kupanda puani. Ndiyo maana mwenye mafua huona pilau haina maana. Anayetafuna kwa shida haivunji iliki wala haibonyezi nyama ikatoa mchuzi wake, na kumeza kwake ni kudogo, kwa hiyo harufu inayopanda ni kidogo pia. Anayepumua kupitia tundu lililofunguliwa shingoni hupata shida zaidi, maana hewa haipiti tena puani inavyostahili.

Halafu kuna muda. Mlo wa dakika kumi umekuwa wa saa nzima, na chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto. Dawa ya hili ni nyepesi: gawa chakula katika bakuli mbili ndogo, moja ibaki kwenye moto au ndani ya hotpoti, nyingine iwe mbele ya mgonjwa. Na ulimi usiosogea haujisafishi. Ule mwendo wa kusugua kaakaa na meno, ambao mtu mzima hauwazii kabisa, ukikoma, utando mweupe hujijenga juu ya ulimi, na wakati mwingine fangasi, na ladha hufukiwa chini yake. Kusafisha ulimi kwa mswaki laini kabla ya kula hurudisha ladha. Tena hupunguza vijidudu ambavyo vingeshuka mapafuni mtu anapopaliwa.

Dawa nazo zina mkono wao. Riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ilikuwa dawa ya kwanza kuonyesha kwamba inaongeza maisha ya mwenye ALS, japo kwa miezi michache. Inaweza kuleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya kula. Na ikisagwa au ikinywewa katika hali ya majimaji, huweza kutia ganzi mdomoni. Mdomo wenye ganzi haufai kulishwa papo hapo. Mlo wenye mafuta mengi nao huipunguzia dawa hiyo nguvu ya kuingia mwilini, ndiyo maana humezwa saa moja kabla ya kula au saa mbili baadaye. Familia isiyoambiwa haya hutoa kidonge pamoja na chai na maandazi, dawa ikapungua nguvu bila mtu kujua.

Je, wajua kwamba mwili unaoshinda kitini unaweza kuunguza chakula kupita wa anayetembea?

Ungedhani asiyetembea anahitaji chakula kidogo. Kwa ALS mara nyingi ni kinyume chake. Watafiti wa Ufaransa waliopima pumzi za wagonjwa waliotulia kabisa walikuta kwamba takriban nusu yao hutumia nishati nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa umri na umbo lao. Wapo wanaodhani ni mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli. Wapo wanaotaja misuli inayochezacheza mchana kutwa, na wapo wanaotazama kazi kubwa ya kifua kudhoofu kinapovuta pumzi. Wakati huohuo hamu yenyewe huweza kufifia. Utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta zaidi ya robo ya wagonjwa wamepoteza hamu ya kula, na waliopoteza hamu ndio waliopoteza uzito na mafuta ya mwili. Kumbe mtu anaweza kukonda bila hata koo kuwa na shida.

Na uzito si jambo la sura. Uchunguzi wa Ufaransa wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa kila asilimia 5 ya uzito wa kawaida iliyopotea kufikia siku ya kutambuliwa ugonjwa, hatari ya kifo ilipanda kwa asilimia 30. Kwa mwenye kilo 70, asilimia 5 ni kilo tatu na nusu tu, kiasi ambacho nguo hukificha.

Hapo ndipo mashauri tuliyoyazoea hugeuzwa juu chini. Mtu ameambiwa maisha yake yote apunguze mafuta, achunge sukari, asinenepe. Akishapata ALS, mtaalamu wa lishe humwambia aongeze tui la nazi, samli, parachichi, siagi ya karanga. Wengi hawaamini masikio yao. Lakini upo ushahidi. Mwaka 2004 watafiti waliowapa panya wenye ugonjwa unaofanana na ALS mlo wa mafuta mengi waliona wakiishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mdogo wa Marekani kuhusu wagonjwa 20 waliokuwa wakilishwa kwa mrija: waliopewa mlo wa nguvu nyingi wenye wanga kwa wingi walipata madhara machache, na hakuna aliyefariki kati yao katika miezi ya ufuatiliaji, ilhali kundi la mlo wa kawaida lilipoteza watatu. Kisha Wajerumani wakafanya jaribio kubwa zaidi, likachapishwa mwaka 2020: wagonjwa 201, nusu yao wakinywa kila siku kinywaji cha mafuta chenye kilokalori 405. Kwa ujumla haikuonekana tofauti ya urefu wa maisha. Ila katika wale ambao ugonjwa ulikuwa ukienda kasi, waliokunywa mafuta waliishi zaidi. Matokeo ya kundi dogo ndani ya kundi kubwa hayatoshi kutangaza tiba, na mwandishi huyu hatangazi. Yanatosha kumwondolea mpishi hofu ya samli.

Kilokalori 405 ni nyingi kiasi gani? Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban 120. Vijiko vitatu na nusu, vikigawanywa katika uji wa asubuhi, mchuzi wa mchana na viazi vya kuponda vya jioni, havionekani wala havijazi tumbo. Hilo la kutojaza tumbo ni muhimu, kwa sababu tumbo lililojaa huusukuma juu msuli wa kiwambo, na kifua kilichodhoofu hakina nafasi ya kupoteza. Milo midogo sita hushinda mikubwa mitatu. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo azungumze kwanza na daktari wake. ALS haifuti magonjwa mengine.

Je, wajua kwamba uchu wa sukari unaweza kutoka ubongoni?

Hili huumiza familia kuliko mengi. Baba ambaye hakuwahi kugusa peremende sasa anadai halua, soda na biskuti, anakula kitu kilekile kila siku, anajaza mdomo kabla hajameza kilichotangulia, anachukua kutoka sahani ya mtoto. Watu wa nyumbani huona aibu, hudhani amekuwa mlafi au anadeka kwa ajili ya ugonjwa.

ALS ina ndugu yake, aina ya kupungukiwa akili inayoshambulia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo. Takriban asilimia 10 hadi 15 ya wenye ALS huwa nayo kamili, na karibu nusu huonyesha walau mabadiliko madogo ya fikra au tabia. Mwaka 2011 ilifahamika kwamba hitilafu katika jeni moja, C9orf72, inaweza kusababisha magonjwa yote mawili, wakati mwingine ndani ya ukoo mmoja. Watafiti wa Sydney walioufuatilia ulaji wa wagonjwa hawa waliona upendeleo wa vitu vitamu ukipanda kadiri dalili za kitabia zilivyoongezeka. Na huko Ulm, Ujerumani, picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba haipothalamasi, kijisehemu kinachosimamia njaa na shibe, kilikuwa kimesinyaa kwa wenye ALS, na dalili za kusinyaa zilikuwapo hata kwa baadhi ya watu wenye jeni za ugonjwa ambao walikuwa bado hawajaugua.

Ndiyo maana kipimo cha akili na tabia kilichobuniwa Edinburgh mahususi kwa ALS humuuliza mtu wa karibu na mgonjwa kuhusu chakula: je, amebadili anachopenda, anajaza mdomo, anataka vitamu kuliko zamani? Hamu, hapo, ni dalili kama homa ilivyo dalili. Yafaa imfikie daktari badala ya kumalizikia katika ugomvi wa mezani. Na kuna jambo la usalama: anayejaza mdomo huku koo limedhoofu yuko katika hatari ya kupaliwa. Kijiko kidogo, sahani moja kwa wakati mmoja, na bakuli kubwa kubaki jikoni husaidia kuliko kukemea.

Lakini si kila uchu ni ugonjwa wa ubongo. Mtu aliyekula vitu laini vilivyopondwa kwa majuma mengi hutamani kitu cha kutafuna, chenye chumvi, kinacholia mdomoni. Huo ni uchu wa meno na masikio. Wataalamu wa umezaji wana kundi maalumu la vyakula vinavyoanza vikiwa vikavu vikayeyuka vikipata mate na joto la mdomo, kama kaukau zilizotengenezwa kwa viazi vilivyopondwa au biskuti za kaki. Mtaalamu akishamkagua mgonjwa na kumruhusu, kaukau moja iliyoyeyuka ulimini inaweza kuwa karamu.

Je, wajua kwamba maji matupu ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi kumeza?

Kumeza hutumia takriban jozi 30 za misuli, na hatua ya kooni huchukua kama sekunde moja. Katika sekunde hiyo njia ya hewa lazima ifungwe. Maji hukimbia, hufika kabla mlango haujafungwa. Kitu kizito kidogo hushuka taratibu na kulipa koo muda. Kwa hiyo mtu anaweza kumeza uji bila taabu akapaliwa na maji ya kunywea dawa.

Wataalamu wa nchi mbalimbali waliweka vipimo vya pamoja vya uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula, viitwavyo IDDSI, vyenye ngazi kuanzia 0 hadi 7. Uzuri wake ni kwamba kipimo cha vinywaji hakihitaji maabara. Unachukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, unaziba tundu kwa kidole, unajaza kinywaji hadi mstari wa 10, unaachia kwa sekunde 10, kisha unatazama kilichobaki. Yakibaki chini ya mililita 1, ni chepesi kama maji. Zikibaki kati ya 4 na 8, ni kizito kiasi. Sindano zenyewe hazilingani zote urefu, kwa hiyo muulize mtaalamu ni ipi. Kwa vyakula vya kusagwa vya mtu mzima, vipande visizidi milimita 4, ambayo ndiyo nafasi iliyo kati ya meno ya uma wa kawaida.

Sasa, jambo ambalo kila anayepika uji anapaswa kulijua. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kinapotoka mdomoni na kurudi bakulini, hubeba mate. Na mgonjwa akila polepole, uji uliokuwa mzito huwa majimaji kabla haujaisha. Mlishaji humwona akianza kukohoa mwishoni mwa bakuli akadhani amechoka tu, kumbe uji wenyewe umebadilika. Mimina kidogo kidogo kwenye kikombe kingine, na kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi kwenye sufuria wala bakuli kuu. Unga wa kuongezea uzito uliotengenezwa kwa wanga una shida hiyohiyo. Ule wa gamu ya zanthani hauvunjwi na mate.

Aiskrimu nayo hudanganya. Kijikoni ni nzito, mdomoni ni maji. Tikiti maji na chungwa huachia juisi mara tu vinapobanwa, na nyuzi hubaki: vitu viwili vyenye mwendo tofauti ndani ya koo moja. Wali mkavu wenye mchuzi mwepesi ni hivyohivyo, kwa sababu mchuzi hutangulia na punje hutawanyika. Ugali mgumu hunata kwenye kaakaa ambalo ulimi haufikii. Kinyume chake, mtori wa Kilimanjaro uliosagwa hadi usiwe na nyuzi za nyama, boga la nazi, viazi vitamu vilivyopondwa kwa maziwa, na ndizi zilizopikwa zikapondwa na tui zito ni vyakula vyenye nguvu, vyenye mwendo mmoja, na ladha yake ni ya nyumbani. Familia haihitaji makopo ya bei kubwa ili kuanza.

Je, wajua kwamba udenda mwingi hautokani na mate mengi?

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na huyameza bila kujua. Mwenye ALS hatoi zaidi, anameza kidogo. Dawa za kukausha mate, zikiwemo amitriptyline na hyoscine, husaidia, lakini mdomo mkavu hauonji vizuri, kwa sababu ladha lazima iyeyuke ndipo ulimi uitambue. Mizani hiyo ni ngumu, na mgonjwa ndiye anayejua ameelemea upande gani. Mate yakiwa mazito ya kuvutika, wataalamu wengi wa umezaji hupendekeza juisi ya nanasi au papai, matunda yenye vimeng'enya vinavyovunja protini. Hupakwa kidogo mdomoni kwa kipamba, au hunywewa na anayeweza. Maji ya kutosha mwilini yana kazi kubwa zaidi ya hayo yote.

Pilipili, ndimu na siki ni kisu chenye makali pande zote. Kitu chenye uchachu au baridi huweza kuamsha koo likameza upesi zaidi, na wapo wagonjwa wanaofaidika kwa kijiko cha kitu kichachu kabla ya mlo. Kwa wengine, ukali huohuo huchokoza kisanduku cha sauti kikajifunga ghafla, pumzi ikakwama. Inatisha sana. Kwa kawaida hujifungua chenyewe ndani ya muda mfupi. Mgonjwa akalishwe wima, apumue polepole kwa pua, na aliye karibu atulie. Likijirudia, daktari aambiwe, kwa kuwa huenda asidi ya tumbo inapanda na ina dawa yake.

Je, wajua kwamba chakula kimewahi kushukiwa kuwa chanzo?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Marekani walikuta kwamba kisiwani Guam, miongoni mwa Wachamorro, ugonjwa wa aina ya ALS ulikuwa mara nyingi zaidi kuliko kwingineko duniani. Jicho likaelekezwa kwenye unga wa mbegu za mti wa sikadi, mbegu zenye sumu ambazo hulowekwa kwa siku nyingi kabla ya kusagwa. Mwaka 2002 Paul Alan Cox na Oliver Sacks wakapendekeza kwamba sumu hiyo ilijilimbikiza katika popo wakubwa waliokula mbegu hizo, nao popo wakaliwa na watu. Nadharia hiyo bado inabishaniwa, lakini vizazi vipya vya Guam vilipobadili maisha, ugonjwa ulipungua sana.

Katika milima ya Alpi ya Ufaransa, kijiji kidogo cha Montchavin kilipata wagonjwa 14 katika miongo michache, idadi isiyoelezeka kwa bahati. Uchunguzi ulioongozwa na daktari Emmeline Lagrange wa Grenoble, uliochapishwa mwaka 2021, ulielekeza kidole kwenye uyoga wa mwituni wenye sumu ambao wagonjwa walikuwa na desturi ya kuuokota na kuula.

Sisi Waafrika tunayo konzo, ugonjwa mwingine unaotokana na chakula. Si ALS: hupoozesha miguu kwa ghafla, haiendelei kusambaa mwaka hadi mwaka, na haigusi seli za chini za neva. Lakini nayo huzipiga neva zinazoamrisha misuli, na chanzo chake kinajulikana: mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, ikiliwa majuma mengi mfululizo na watu wasio na protini. Iliandikwa kwanza na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na mwaka 1985 ilizuka kaskazini mwa Tanzania, wilayani Tarime, wakati wa ukame. Sitaki mtu asome haya akaanza kumlaumu mgonjwa wa ALS kwa alichokula. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna chakula chochote kinachoweza kunyooshewa kidole.

Upande wa kinga, uchambuzi wa mwaka 2014 uliounganisha watu zaidi ya milioni moja nchini Marekani ulikuta kwamba waliokula zaidi mafuta ya omega-3 walipata ALS kwa nadra zaidi. Mwaka 2023 wagonjwa waliokuwa na kiwango kikubwa cha aina moja ya mafuta hayo damuni, ile inayopatikana katika mbegu za kitani, soya na jozi, walionekana kuishi zaidi. Ni uhusiano, bado haujathibitishwa kuwa sababu.

Je, wajua kwamba mrija wa tumboni haumfungii mtu mdomo?

Mrija wa kulishia unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo bila upasuaji mkubwa ulibuniwa Cleveland, Marekani, na madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky. Wa kwanza kuwekewa, mwaka 1979, alikuwa mtoto mchanga. Wagonjwa wa ALS wengi huukataa hadi dakika ya mwisho kwa kuamini kwamba wakikubali hawataonja tena maishani. Si kweli. Mrija hubeba mzigo wa kalori, maji na dawa, na mdomo hubaki na kazi ya raha: kijiko cha mchuzi wa nazi, tone la asali, kipamba kilicholowa kahawa ya tangawizi, kwa kiasi alichoruhusu mtaalamu wa umezaji. Wengi hufurahia chakula zaidi baada ya mrija, kwa sababu kila tonge si vita tena. Ila wakati ni muhimu. Madaktari hupendelea kuuweka kabla uwezo wa kupumua haujashuka chini ya nusu na kabla uzito haujapungua kwa zaidi ya asilimia 5. Anayesubiri hadi akonde sana hufaidika kidogo.

Mwanahistoria Tony Judt, aliyezaliwa London, aliambiwa ana ALS mwaka 2008. Usiku, akiwa hawezi kujigeuza kitandani, alitunga insha kichwani, na mchana akaziimla kwa aliyeandika. Zilitoka katika kitabu The Memory Chalet mwaka 2010, mwaka aliofariki, na mojawapo ni ya chakula alichokula utotoni. Mtu aliyekwisha kupoteza nguvu za mikono yote miwili alichagua kukumbuka sahani.

Barani Afrika mrija na riluzole ni adimu. Utafiti uliokusanya wagonjwa 185 kutoka nchi nane za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, uliwakuta wakianza kuugua wakiwa na wastani wa miaka takriban 53, mapema kuliko Ulaya, na ni wachache waliopata matibabu hayo. Mizani ya duka la dawa, hata hivyo, ipo karibu kila mtaa. Asiyeweza kusimama apimwe akiwa amebebwa, kisha mbebaji apimwe peke yake, itolewe tofauti. Andika uzito kila juma, pamoja na muda ambao mlo ulichukua. Ukizidi nusu saa mara kwa mara, koo linachoka. Andika pia alichokataa, alichokitamani ghafla, na alichopaliwa nacho. Nenda na daftari hilo kliniki, na uzito ukishuka kwa kilo tatu usingoje tarehe ya miadi.